Verni inayokauka mbio: tuipake wapi, tuiache wapi



Mavuno yakiisha kuingia gala, na shamba la mvua inayofuata bado halijafyekwa, wengi kati yenu wanashika shoka na patasi. Wanachonga mipini ya jembe, vinu na mitwangio, miko ya bugali, bakuli, viti, miguu ya vitanda. Wengine wana mashini ya kukereza, ile inayozungusha mti na fundi anashikilia tu chuma chake, mti unatoka mviringo. Iko ya kukanyaga kwa mguu kama cherehani, na iko ya motere. Kazi hii inaleta makuta nyumbani katika miezi ambayo shamba halileti kitu, ndiyo maana tunaizungumzia katika gazeti la walimaji.

Ulizo tunalopata mara nyingi, Kasongo na Kabambare, ni hili moja: «Tupake kitu gani kinachokauka mbio, ili tupeleke vitu sokoni kesho?» Ni ulizo la haki. Mtu ambaye soko lake ni mara moja kwa juma hawezi kungoja siku kumi verni ikauke. Lakini kabla ya kujibu tuwaeleze jambo tuliloliona kwa macho.

Wanamemba wa koperative moja upande wa Kabambare walikuwa wanapeleka viti kwenye soko la Salamabila, kule wachimba dhahabu wanakonunua vizuri. Walipaka verni jioni. Asubuhi waligusa kwa kidole, kidole hakikunata, wakasema iko tayari. Wakafunga viti viwili viwili juu ya kinga (baiskeli), wakafunika na plastiki juu ya mvua. Kufika, viti vilikuwa vimeshikana kama bugali iliyolala. Pale plastiki ilipogusa iliacha alama, na pale plastiki haikufika vumbi jekundu la njia lilikuwa limeingia ndani ya verni. Waliuzisha kwa nusu ya bei. Wote wakamlaumu mwenye duka kwamba verni yake ni ya uongo. Lakini tulipokata kiti kimoja, ndani mti ulikuwa bado na maji. Hata verni ya bei kali kuliko zote isingewasaidia.

Basi tuanze pale.

Mti wenyewe umekauka?

Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Ukiupaka verni, maji yanatafuta njia ya kutoka. Yakikosa njia, yanasukuma verni kutoka chini, nayo inabaki laini, inafanya malengelenge, au inabanduka baada ya mwezi mmoja. Na mti wenyewe unapoendelea kukauka unajikunja na kupasuka, verni inapasuka pamoja nao. Kwa hiyo kukauka mbio kunaanzia kwenye mti, kopo la verni linakuja nyuma.

Namna ya kujua mnayo tayari: mizani ya koperative, ile ya kupimia mpunga, au ndogo zaidi kama iko. Pima kipande, andika uzito kwa makala ya moto juu ya kipande chenyewe. Juma linalofuata pima tena. Uzito ukishuka, maji yanaendelea kutoka. Ukibaki ule ule majuma mawili au matatu, mti umefika pale hewa ya nyumba yenu inaweza kuufikisha. Hakuna haja ya kubahatisha, wala ya kugonga mti na kusikiliza kama wengine wanavyofanya.

Mbao nene za sentimeta mbili na nusu zinaweza kuchukua karibu mwaka mzima kivulini. Ni muda mrefu, tunajua. Lakini kitu kilichochongwa nusu kinakauka haraka kuliko gogo. Mwenye kukereza bakuli afanye kazi mara mbili: kwanza alikereze likiwa mti mbichi, ukuta wake uache mnene, kama sehemu moja kwa kumi ya upana (bakuli la sentimeta 30, ukuta wa sentimeta 3). Aliweke kivulini miezi kadhaa. Litajikunja kidogo, si neno. Kiisha alirudishe kwenye mashini, alinyooshe na kulimaliza. Kwenye ncha za mti, pale mishipa imekatwa, mpake nta, sababu maji yanakimbia sana kupitia pale na ndipo mipasuko inapoanzia.

Wazee wetu walikuwa na dawa yao: uchaga wa juu ya jiko. Mipini iliyolala miezi mitatu ndani ya moshi wa jikoni inakauka vizuri, na wadudu wanaotoboa mti hawaupendi. Sisi hatuna cha kuongeza hapo. Jua kali ndilo la kukataa. Mti mbichi ukianikwa juani unakauka ngozi peke yake na kupasuka siku hiyo hiyo.

Mafuta gani yanakauka, na gani hayakauki milele

Hapa ndipo makosa yanapokuwa mengi. Hapa kwetu mawese yako kila nyumba, na watu wanapaka mawese. Bakuli linang'aa, linapendeza, mnunuzi analichukua. Baada ya majuma machache linanata, linakamata vumbi, kiisha linanuka kama mafuta yaliyooza. Mnunuzi harudi tena.

Sababu ni hii. Vitu tunavyopaka juu ya mti vinakauka kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuruka: verni imeyeyushwa ndani ya kitu kama alikoli au diluani, kile kinaruka hewani na kuacha ngozi ngumu juu ya mti. Ni kama matope yanavyobaki maji yakiondoka. Njia ya pili haina kuruka. Mafuta fulani yanakamata hewa, yanaungana nayo na kugeuka ngozi. Mafuta hayo hayapungui, yanageuka tu. Mafuta ya kitani, yale ambayo juu ya kopo wameandika huile de lin, ni ya namna hiyo.

Mawese hayana tabia hiyo. Hayaruki na hayageuki. Mafuta ya karanga vile vile. Mafuta ya mbarika vile vile. Ya alizeti, ya soya na ya ufuta yako katikati: yanajaribu, yanafika nusu ya njia, yanabaki yananata.

Msituamini kwa maneno tu. Chukua kipande cha kioo kilichovunjika, au kifuniko cha kopo. Weka tone la mawese, pembeni tone la mafuta ya karanga, pembeni tone la mafuta yoyote mnayofikiria kununua. Yasambaze na kidole yawe membamba. Weka mahali pa hewa, vumbi na kuku wasifike. Gusa kila asubuhi siku saba. Lile lililofanya ngozi linafaa kwa mti. Lile lililo maji maji siku ya saba lirudishe jikoni kwenye sufuria, ndiko kazi yake. Jaribio hili halina gharama, nasi tungependa kila koperative ilifanye mbele ya wanamemba, sababu mtu akigusa mwenyewe hasahau.

Katika misitu ya Kongo iko miti ambayo mafuta ya mbegu zake yanakauka kweli. Mmoja wataalamu wanauita Ricinodendron heudelotii, mti mkubwa wa mbao nyepesi, wenye mbegu zinazoliwa. Mwingine ni mmea wa kupanda juu ya miti, Plukenetia conophora. Kama kuna mzee kwenu anayejua mbegu ambazo mafuta yake yanagandamana kwenye chungu kama gundi, muulizeni, kiisha mafuta hayo myapitishe kwenye jaribio la kioo.

Kuna kitu kingine wanachopaka, na hiki tunasema wazi: acheni. Ni mafuta ya motere yaliyotumika, yale meusi yanayomwagwa gari au moto ikibadilishiwa mafuta. Kwa nguzo ya ua watu wanayatumia. Lakini juu ya mpini unaoshikwa mchana kutwa, au juu ya kinu cha sombe, hapana. Ndani yake mna unga wa vyuma na takataka za moto ambazo ngozi na tumbo havipashwi kupokea. Na hayakauki pia, kwa hiyo hata faida ya haraka hayana.

Kila kitu na dawa yake

Sasa tujibu ulizo. Hatutataja verni moja ya kupaka kila kitu, sababu haiko. Tutazame kitu kitakavyotumika.

Mpini wa jembe, shoka au piki. Hapa wengi watashangaa: msipake verni. Verni inafanya mpini uteleze mkono ukitoa jasho, na ngozi ile ngumu inachubua kiganja mpaka malengelenge. Mlimaji anajua jambo hili, ndiyo maana anaponunua mpini uliopakwa verni anaukwangua kwa kipande cha chupa. Mpini usugue vizuri na msasa (papie ya kusugulia), mara ya kwanza msasa wa chembe kubwa, kiisha wa chembe ndogo. Ulowanishe kidogo kwa kitambaa chenye maji, manyoya ya mti yatasimama. Ukikauka usugue tena. Pakeni mafuta ya kitani membamba kama mnayo, futeni yote yanayobaki juu, angikeni siku mbili tatu. Kama hamnayo, nta kidogo iliyosuguliwa na kitambaa inatosha. Kama hamna na nta, mpini uliosuguliwa vizuri ni mpini mzuri. Wachimbaji wa Namoya wananunua mpini usiovunjika. Kung'aa hawakuhitaji.

Kinu na mtwangio. Hapa hakuna kitu cha kupaka ndani. Mtwangio unapiga, ngozi yoyote inabanduka na kuingia ndani ya sombe au unga. Nje ya kinu mnaweza kupaka nta, na kwenye ncha za chini nta nyingi ili kisipasuke.

Mwiko, bakuli, sahani ya mti. Vinagusa chakula cha moto, vinaoshwa kila siku. Hapa tunapendekeza nta ya nyuki, peke yake au ikichanganywa na mafuta ya parafini ya farmasi, yale wagonjwa wanayokunywa wakifunga choo (juu ya chupa wanaandika huile de paraffine). Mafuta hayo hayakauki, tuwe wakweli, lakini hayaozi wala hayanuki, na mti unayanywa. Msichanganye na petroli ya taa. Jina linakaribiana katika masikio ya watu, kitu ni tofauti kabisa, na petroli ni sumu.

Kiti, meza, mguu wa kitanda, fimbo ya kutembelea, kinara. Hapa ndipo verni ya kukauka mbio ina kazi yake ya kweli. Tutaieleza chini.

Nta ya nyuki

Tunakaa juu ya nta sababu mnayo na mnaitupa. Wanaorina asali, Kasongo na Kabambare, wanakamua masega, kiisha masega wanatupa au watoto wanatafuna. Yale masega ndiyo verni yenu ya bure.

Weka masega yaliyokamuliwa ndani ya sufuria ya zamani yenye maji. Pasha moto polepole. Nta inayeyuka kwenye joto la karibu digrii 63, maji hayahitaji kuchemka sana. Koroga, kiisha chuja kwa kitambaa au kipande cha gunia ndani ya ndoo, ukikamua kwa vijiti viwili. Acha ndoo ipoe mpaka kesho. Nta itakuwa imeelea na kuganda kama sahani ya manjano. Takataka zimebaki chini yake, unazikwangua kwa kisu. Ukiona bado chafu, rudia mara ya pili. Msiyeyushe nta moja kwa moja juu ya moto bila maji: nta inawaka, na moto wa nta ukimwagiwa maji unaruka juu.

Mwenye mashini ya kukereza ana bahati. Bakuli likiwa bado linazunguka, likiwa limesuguliwa tayari, anabonyeza donge la nta juu ya mti unaozunguka. Nta inaacha mstari. Kiisha anakunja kitambaa kidogo, anakibonyeza pale pale. Msuguano unaleta joto, nta inayeyuka na kuingia ndani ya mti, na bakuli linang'aa mbele ya macho yake. Ni dakika tano. Hakuna kitu kinachokauka mbio kuliko hiki, sababu nta haikauki hata, inaganda tu. Angalisho moja: kitambaa kisizungushwe kwenye kidole, wala kisiwe kirefu. Mashini ikikikamata inavuta na kidole. Shikeni kipande kidogo kinachoweza kutoka mkononi chenyewe.

Na kabla ya nta, fundi achukue konzi ya takataka zilizotoka kwenye mti ule ule aliokuwa anakereza, azibonyeze juu ya mti unaozunguka. Zinasugua na kung'arisha kuliko msasa wa mwisho. Hili nalo ni bure.

Wasio na mashini wachanganye: nta sehemu moja, mafuta ya parafini sehemu tatu au nne, ndani ya kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ikipoa inakuwa laini kama pomada. Unapaka kwa kitambaa, unaacha usiku, asubuhi unafuta na kusugua. Mueleze mnunuzi kwamba nta inaondoka polepole kwa kuoshwa, na kila baada ya miezi kadhaa anaweza kupaka tena. Wengine wanaona aibu kusema hivyo. Lakini mnunuzi aliyeelezwa harudi na hasira, na mnaweza kumuuzisha kikopo kidogo cha ile pomada pamoja na bakuli.

Verni zinazoruka: laki na selilozi

Kwa viti na vitanda, verni mbili zinakauka mbio kweli.

Ya kwanza ni laki (gomme-laque). Inatoka kwa mdudu mdogo anayekaa juu ya matawi ya miti kule India na Thailand. Wanaiuza kama magamba makavu ya rangi ya asali. Unaiyeyusha ndani ya alikoli: gramu 100 ndani ya nusu lita, unafunika, unatikisa mara kwa mara, kesho yake unachuja na kitambaa. Inagusika baada ya nusu saa hivi, na unaweza kupaka mara ya pili baada ya saa moja au mbili. Ikikauka haina sumu. Hata viwanda vya dawa vinapaka vidonge kwa laki. Ubaya wake ni kwamba haipendi joto, maji wala pombe. Chungu cha moto kikiwekwa juu ya meza ya laki kinaacha duara jeupe. Ile mliyoyeyusha msikae nayo zaidi ya miezi sita: inazeeka, na laki iliyozeeka inabaki inanata.

Alikoli yenyewe iwe ya digrii 90 au zaidi, ya farmasi au ya duka la rangi. Tuliulizwa kama lutuku inafaa. Haifai. Hata lutuku inayowaka moto ina maji mengi ndani yake; laki inageuka uji mweupe na haishiki mti. Mtapoteza laki na lutuku pamoja.

Ya pili ni verni ya selilozi (vernis cellulosique), ile maseremala wa mijini wanapaka juu ya milango na kabati, pamoja na diluani yake. Inagusika baada ya dakika 15 mpaka 30. Ni ngumu kuliko laki na maji inayavumilia zaidi. Lakini harufu yake inapanda kichwani na inawaka kama esansi. Ipakwe nje, au ndani ya atelie iliyofunguliwa milango yote, bila sigara, bila taa ya petroli, bila jiko la makala. Mama mwenye mimba na watoto wakae mbali.

Ile verni ya kawaida ya mafuta, inayouzwa sana sababu bei yake iko chini, inakauka kwa saa 6 mpaka 24 kila mara unapopaka, na wakati wa mvua ni zaidi. Si mbaya hata kidogo. Kwa kiti kinachokaa barazani ni bora kuliko laki. Ila panga siku zako: ukipaka mara tatu, hesabu siku tatu za kupaka na juma moja la kukaa kabla ya kufunga kwenye kinga. Kidole kikitoka kikavu, ngozi ya juu ndiyo iliyokauka; chini bado ni laini, na uzito wa kiti kingine juu yake unaonyesha hivyo.

Verni zote tatu zinapenda kupakwa nyembamba. Mtu mwenye haraka anapaka nene mara moja, akifikiri amepunguza kazi. Nene inakauka juu na kufungia chini. Nyembamba mara tatu inamaliza kabla ya nene mara moja.

Ukungu mweupe

Ukipaka laki au selilozi siku ya mvua, verni inaweza kugeuka nyeupe kama maziwa yaliyomwagika. Wengi wanafikiri ni verni ya uongo. Kinachotokea ni hiki: alikoli au diluani ikiruka kwa mbio inapoza mti, kama mkono unavyopoa ukimwagiwa esansi. Hewa ya mvua ina maji, maji yanaganda juu ya kile kilichopoa na kufungwa ndani ya verni. Basi wakati wa mvua msipake asubuhi mapema wala jioni. Ngojeni kati ya saa nne na saa tisa za mchana, siku yenye jua, na vitu vyenyewe viwe vimekaa mahali pa joto kwanza. Ikiwa imekwisha kuwa nyeupe, msikwangue. Siku kavu ikija, pitisheni juu yake kitambaa chenye alikoli kidogo (kwa laki) au diluani kidogo (kwa selilozi), haraka na bila kusugua. Mara nyingi ukungu unatoka. Kwa nguvu zote, kazi ya verni wekeni kiangazi, kati ya mwezi wa sita na wa nane, na miezi ya mvua iwe ya kukata, kuchonga nusu na kukausha.

Miti miwili ya kuangalia. Kambala, ambayo wengine wanaita mvule, ina dawa ndani yake inayozuia verni ya mafuta isikauke. Inaweza kunata siku nyingi bila kosa la fundi. Pakeni kwanza laki nyembamba mara moja, iwe kama ukuta, kiisha verni ya mafuta juu yake. Na mukula, mti mwekundu: wekundu wake unayeyuka ndani ya alikoli. Ukipaka laki kwa brashi, rangi inatembea na kuchafua mbao nyeupe iliyo pembeni. Kama kiti kina mukula na mti mweupe pamoja, tumieni nta.

Neno juu ya sandarusi, sababu wazee wanaitaja. Zamani za misafara, wakati Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa watu wa Tippo Tip na pembe za ndovu zilikuwa zinakwenda mpaka Unguja, Unguja ilikuwa inauzisha pia sandarusi iliyochimbwa pwani, nayo ilikwenda mpaka Marekani kutengenezwa verni. Baadaye kopali ya misitu ya Kongo ikawa mali kubwa ya wakoloni. Kwa hiyo ni kweli utomvu huo unafanya verni nzuri. Lakini ili uungane na mafuta unapashwa kupashwa moto wa digrii kama 300, na pale mafuta yenyewe yanakaribia kuwaka. Viwanda viliungua kwa kazi hiyo. Msijaribu nyuma ya nyumba.

Kununua pamoja, na kuweka

Lita moja ya verni inatosha karibu meta 10 za mraba, ukipaka mara moja. Kiti kidogo kina kama nusu meta. Kwa hiyo lita moja ni viti 20 ukipaka mara moja, au viti sita mpaka saba ukipaka mara tatu. Gawanyeni bei ya lita kwa viti sita, ongezeni msasa na brashi, mtaona kila kiti kimekula franka ngapi. Kama mnunuzi wa kwenu haongezi bei kufikia pale, muuzishieni kiti cha nta. Hesabu hii iandikwe ndani ya kitabu cha koperative kabla ya mtu kutumwa Kindu au Kalemie kununua.

Vitambaa vilivyofuta mafuta ya kitani vina hatari ambayo watu hawaiamini mpaka waione: vikikunjwa na kutupwa pembeni vinaweza kuwaka vyenyewe, bila kiberiti. Mafuta yakiungana na hewa yanatoa joto, na ndani ya kitambaa kilichokunjwa joto halina pa kutokea. Vitandazeni nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vizamisheni ndani ya maji. Visilale usiku ndani ya atelie, pembeni ya takataka za mti.

Alikoli, diluani na verni viwe ndani ya sanduku lenye kufuli, katika nyumba ambayo hailali mtu wala haipikiwi, ufunguo kwa mtu mmoja wa komite. Alikoli ya kuwashia inaweza kuwa na methanoli, ambayo inapofusha macho na kuua, na kwa sura inafanana na ile ya kunywa. Ibaki katika bidoni yake ya dukani. Mkiigawa, ile nyingine iandikwe kwa rangi nyekundu, ichorwe kichwa cha mfu kwa wasiosoma, na isitiwe kamwe ndani ya chupa ya maji au ya bia.